Treni ya Walimu

Treni ilikuwa imesimama, na Smaranda Bejan alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya behewa, pale mwanamke asiyemfahamu aliposhuka kwa mlango huohuo na kumuuliza, "Samahani dada, shule ya hapa iko wapi?"

Mgeni alivaa koti refu la kijivu lililomkaa vizuri, viatu visivyo na vumbi, na alikuwa akivuta begi dogo la magurudumu. Kituo cha Gura Salciei hakikuwa na mazoea ya kushusha watu wa namna hiyo. Mchana ule, kwa kweli, hakikuwa na mazoea ya kushusha mtu yeyote. Treni ilisimama pale kuwachukua walimu tu, na dereva aliwajua vizuri kiasi kwamba humngoja mwalimu wa historia amalize sigara yake.

"Shule?" Smaranda aliuliza, kama mtu anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza.

"Ndiyo. Na mwalimu wa hesabu wa darasa la nane. Nimeambiwa saa hizi ana kipindi."

Tiberiu wa historia akaitupa sigara, akapanda kwa mlango wa pili na kujilaza kwenye kiti ili asionekane dirishani. Yule wa biolojia akageuka akawa anasoma tangazo la mwaka juzi ukutani. Watu wazima wote hao, wenye shahada zao.

"Mkaguzi," Otilia wa Kifaransa alimnong'oneza Smaranda sikioni. "Safari hii hawakutupigia simu. Shuka, mwenzangu, kipindi ni chako."

"Na wewe je? Una darasa la saba."

"Mimi naumwa."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Shuka!"

Akamsukuma. Alimsukuma kwa upole, lakini alimsukuma. Treni ikaondoka na walimu wa Gura Salciei, ikamwacha mmoja wao jukwaani pamoja na mgeni na begi lake.

Mambo yalikuwa hivi. Walimu wote wa shule ile waliishi mjini. Treni ya kurudi iliondoka saa saba na dakika kumi, na iliyofuata ilikuwa ya jioni. Vipindi vya mwisho vilitakiwa viishe saa nane. Zamani walimu walikuwa wakifupisha kila kipindi kidogo kidogo ili wawahi. Baadaye ikaonekana rahisi zaidi kukiacha cha mwisho. Hakuna aliyeamua. Hakukuwa na kikao wala amri. Smaranda alipofika pale miaka minne iliyopita, siku yake ya kwanza alibaki darasani, na Otilia akaja kumchungulia mlangoni: "Wewe, utalala hapa?" Siku ya pili akatoka na wenzake. Watoto waliambiwa wacheze mpira uwanjani hadi saa nane, wasionekane nyumbani mapema. Na hesabu za darasa la nane ziliangukia kipindi cha mwisho siku zote isipokuwa Jumatatu, kwa sababu padri, aliyefundisha dini, alipenda vipindi vya asubuhi.

"Nilikuwa nimemsindikiza mwenzangu," Smaranda alisema wakipanda kilima. "Anaumwa."

"Ana bahati," mgeni akajibu. "Kasindikizwa na shule nzima."

Begi lilikwama kwenye mawe ya barabara, akalishika upande mmoja wakalibeba pamoja.

Darasa la nane lilikuwa uwanjani, wasichana wamekaa juu ya ukuta, wavulana wanagombea penalti. Walipomwona mwalimu anarudi, mpira ulisimama wenyewe.

"Mwalimu, treni imekufa?" aliuliza kijana mmoja.

"Ingieni darasani, Costin. Tuna kipindi."

"Kipindi gani?"

"Ingieni!"

Wakaingia. Walimtazama mgeni, wakatazamana, wakabana midomo. Smaranda alidhani ni woga. Mgeni akaenda kukaa kwenye dawati la nyuma, koti lake mapajani, na Smaranda akasimama mbele ya ubao. Kisha akafanya jambo ambalo kila mwalimu aliyewahi kungoja mkaguzi katika vijiji vile anajua kulifanya. Akagusa kola ya blauzi yake mara moja.

Ilikuwa ishara. Maana yake: nikiuliza swali, nyote nyoosheni mikono. Anayejua jibu, mkono wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Hapo mwalimu huchagua wa kulia tu, na mkaguzi huandika kwamba darasa lina ari kubwa.

"Nani atatukumbusha eneo la pembetatu?"

Mikono yote ikapaa. Kati ya watoto kumi na mmoja waliokuwepo, mkono wa kulia ulikuwa mmoja, wa Costin, na hata huo ulikuwa unasitasita.

"Costin."

"Kitako mara kimo, gawanya kwa mbili."

"Vizuri sana."

Akauliza tena. Ikapaa mikono yote, na Costin tena. Akauliza mara ya tatu, na mara hii mikono yote ilikuwa ya kushoto, msitu mzima wa mikono ya kushoto iliyonyooshwa kwa bidii. Smaranda akasimama na chaki yake, hana wa kumchagua. Kicheko kikamponyoka mtu karibu na dirisha.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Aliingia Ilinca Rusan na mkate kifuani, msichana mrefu mwenye nywele zilizosukwa mkia mmoja. Alizoea kutumia muda wa mpira kwenda dukani kumnunulia bibi yake mkate. Akataka kuomba radhi, akaona watu wamekaa, akamwona aliyekaa nyuma.

"Mama?"

Darasa zima likapasuka kwa kicheko ambacho kilikuwa kimeshikiliwa tangu uwanjani. Wote walimjua. Kila Agosti, shule zikiwa zimefungwa, Mama Ilinca hurudi kutoka Italia kwa wiki mbili, akawagawia biskuti. Leo, walipokuwa wakiingia, alijiwekea kidole mdomoni pale mlangoni, nao wakanyamaza.

Ilinca alikuwa amemkumbatia mama yake, mkate umebanwa katikati yao. Na Smaranda, akiwa amesimama palepale, alishusha pumzi ndefu ya ahueni. Ni mama tu, alijiambia. Ashukuriwe Mungu, ni mama tu.

Aliisikia ahueni ile ikishuka hadi magotini, na mara tu baada yake akaona haya kiasi cha kushindwa kuwatazama watoto.

Mgeni, jina lake Domnica, aliinua uso juu ya bega la binti yake. Hakuwa na hasira. "Kumbe ningekuwa mkaguzi," alisema, "wangesoma hadi saa nane."

"Mama Ilinca, ngoja nikueleze."

"Endelea kwanza, mwalimu. Bado kuna muda wa kipindi."

Smaranda akafuta ubao. Akafundisha hadi saa nane, na hakuigusa kola yake tena.

*

Kwa kuwa treni ilikuwa imeshaondoka, ilibidi Smaranda ale nyumbani kwa kina Ilinca. Domnica hakumwachia nafasi ya kukataa. Nyumba ilikuwa nyuma ya kanisa, na bibi, Paraschiva, mama yake Domnica, alipoona mwalimu anaingia alifunga kitambaa kipya kichwani na kumwaga ugali wa njano juu ya ubao, na jibini, na maziwa mgando.

"Kula, mwalimu, umekonda. Mjini hakuna chakula?"

"Kipo, bibi."

"Kipo lakini hakishibishi."

Ukutani, juu ya picha ya Bikira Maria, mataji ya maua yaliyokauka yalining'inia kwenye misumari. Kila mwisho wa mwaka wa masomo, watoto wa kwanza darasani huvikwa taji mbele ya wazazi, na Ilinca hakuwahi kulikosa hata mwaka mmoja. Domnica aliyaona yote kwenye simu, akiwa jikoni kwa kikongwe anayemtunza kule Padova, na kila mara alilia kidogo, akamwonyesha yule kikongwe, naye akapiga makofi.

"Mwezi wa tatu wakafanya ule mtihani wa majaribio," Domnica alisema akiwakatia watu ugali kwa uzi, kama ilivyo desturi ya kule. "Ilinca wangu wa mataji. Hesabu akapata mbili na nusu kwa kumi. Hakuniambia. Aliniambia wiki jana tu, na si kwamba aliniambia mbili na nusu. Aliniambia, mama, mimi mtihani wa Juni wa kuingia sekondari sifanyi, niletee nauli, nije tutunze vikongwe sote wawili, mimi na wewe."

"Vikongwe nao ni watu," Ilinca alisema akitazama sahani yake.

"Ni watu. Nawapenda. Lakini wewe ulitaka sekondari ya uuguzi."

"Nilitaka nilipokuwa mdogo. Sasa najua mimi si mtu wa shule." Alisema bila uchungu, kama anavyosema mtu namba ya kiatu chake. "Kule uuguzi wanachukua wenye akili."

"Usimsumbue mtoto," bibi akaingilia. "Kichwa kizito si dhambi. Marehemu babu yake alikuwa na kichwa kizito na alikuwa na ng'ombe sita. Haya, kula."

Ilinca akacheka, akala. Smaranda ndiye aliyeacha kula. Alikumbuka alama alizompa msichana yule mwezi uliopita: tisa, tisa, kumi. Alizitoa kwa moyo mweupe. Alikuwa msichana mtulivu, anaandika vizuri, na mwalimu ambaye hakufundisha hawezi kumpa mtu alama ya chini akalala usingizi.

Jioni Domnica alimsindikiza kituoni. Miti ya plamu ilikuwa imechanua kando ya reli, na mbali kidogo mtu alikuwa akichoma majani makavu ya bustani. Walikaa kwenye benchi.

"Nitamfundisha bure," Smaranda alianza. "Jumamosi, nyumbani kwangu mjini. Nitamlipia hata nauli. Ana muda, Mama Ilinca, akijitahidi atafika."

"Nashukuru. Na wale wengine?"

Smaranda akageuka kutazama reli.

"Mwalimu, mimi tuisheni naweza kulipa. Nimefanya kazi sana huko. Lakini wewe unataka kunipa Jumamosi kitu ambacho mwanangu alikuwa nacho Jumanne." Alivuta koti lake. "Njia ya shule naijua tangu utoto; kituoni niliuliza ili nione mtanijibu nini. Na ishara ile ya mikono, hata sisi tulifanyiwa. Chumba kilekile. Mimi nilikuwa wa mkono wa kushoto. Miaka yote. Nilizoea hata mkono wa kulia ukawa mzito kuinuka. Nikaondoka hapa nikijua kabisa kwamba sina akili, na ujue mtu akishajua hivyo, haulizi kitu tena. Anachukua kazi anayopewa."

"Andika malalamiko mjini. Sitakulaumu."

"Tuliandika, mwaka ule kabla hujaja. Wakapiga simu kwamba wanakuja, wakaja, wakala supu kwa mwalimu mkuu, wakaondoka. Sitaki karatasi." Akamgeukia. "Alhamisi ijayo kuna mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu atasimama aseme watoto ni wavivu, na mama yangu ataitikia kwa kichwa, na Ilinca atakuwa amekaa pale anasikia. Nataka usimame useme ukweli. Usimtaje mwenzako yeyote. Anza na jina lako. Ilinca anakuamini wewe. Mimi nikimwambia ana akili, mimi ni mama yake, mama wote husema hivyo."

Treni ilisikika mbali. Smaranda alifikiria mkataba wake. Kila Juni mwalimu mkuu ndiye anayetia saini ili abaki mwaka mwingine. Asipotia, hupelekwa kunakobaki nafasi, na nafasi hubaki juu milimani, kwenye vijiji ambavyo reli haikufika wala basi.

"Utakuwepo?" aliuliza.

"Nitakuwepo. Nimeomba ruhusa ya siku kumi."

"Basi nitasema."

"Ahadi?"

"Ahadi."

Domnica akampa mkono, na Smaranda akaona kwamba kiganja chake kilikuwa kigumu kama gome.

*

Kuanzia kesho yake Smaranda alibaki hadi saa nane. Hakumtangazia mtu. Treni ilipopiga honi, watoto walimtazama, naye akaendelea kuandika. Siku ya kwanza Costin aliuliza kama mwalimu amegombana na dereva. Siku ya tatu hakuna aliyeuliza. Alianza nao upya kabisa, mambo ya darasa la sita, na hawakuona aibu. Waliokuwa wa mkono wa kushoto walianza kusema "sijui" kwa sauti, mwanzoni kwa kucheka, halafu bila kucheka. Ilinca peke yake ndiye aliyekaa akichora maua pembezoni mwa daftari. "Wafundishe hawa, mwalimu," alisema kwa adabu. "Mimi nishaamua."

Wenzake ndio waliokuwa wagumu zaidi. Asubuhi kwenye treni ya kuja, mahali pake kando ya dirisha pakawa na begi la Tiberiu.

"Kuna mtu hapa?" aliuliza.

"Tunamwekea Mtakatifu Smaranda," Tiberiu alisema. "Anapandia kituo cha mbinguni."

Otilia alicheka, kisha akaliondoa begi yeye mwenyewe. "Kaa. Lakini hebu niambie, mwenzangu, unatutakia nini? Mimi nina watoto wawili wanatoka shule saa saba na nusu. Nani atawapokea? Ukibaki wewe, wazazi watauliza mbona wengine hawabaki."

"Si wana haki ya kuuliza?"

"Wanayo. Nimekuuliza nani atawapokea watoto wangu."

Smaranda akakaa. Otilia hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kumletea supu wiki nzima alipofiwa na baba.

Jumatatu Domnica alipiga simu kutoka kituo cha mabasi. Kikongwe wa Padova alianguka bafuni na watoto wake walimtaka arudi usiku uleule, ama watafute mtu mwingine. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Sitakuwepo Alhamisi," alisema. "Sikudai, mwalimu. Nakuambia tu. Najua si rahisi."

"Safiri salama," Smaranda alisema. Hakuna aliyesikia ahadi ile zaidi ya watu wawili, na mmoja alikuwa anaondoka. Ahueni ilianza kumjia tena, ileile ya siku ile darasani, na safari hii aliitambua kabla haijashuka.

Jumatano mwalimu mkuu alimwita ofisini. Zaharia Moga alikuwa mzaliwa wa Gura Salciei, mtu mnene mwenye huruma, aliyefundisha michezo hadi magoti yalipomkatalia. Majira ya baridi alikuwa akiwasha majiko ya madarasa kwa mkono wake. Alimmiminia kahawa.

"Nasikia unabaki hadi saa nane. Nimefurahi. Kweli nimefurahi." Akakoroga kahawa yake. "Nasikia pia kwamba kesho unataka kusema maneno."

"Nani kakuambia?"

"Kijiji, mwanangu. Domnica na mama yake wanaongea kwa sauti." Akasogeza kiti. "Sikiliza. Hii shule tumebaki na watoto wachache. Huko wilayani wanatafuta sababu. Ukisema pale kwamba walimu hawafundishi, bibi mmoja akampigia simu mjukuu, mjukuu akaandika kwenye mtandao, wanaifunga. Watoto wa darasa la kwanza watapanda basi giza la alfajiri kwenda hadi shule ya Movila. Ni hilo unalolitaka?"

"Hapana, mkuu."

"Basi tuwafundishe, tukae kimya. Wewe baki hadi saa nane, mimi nitazungumza na wenzako taratibu. Mwezi wa sita nitatia saini mkataba wako kwa mikono miwili. Eeh?"

Ilikuwa ofa nzuri. Smaranda aliigeuza kichwani usiku kucha akaiona bado ni nzuri, na hakuona kasoro isipokuwa moja: msichana aliyekuwa akichora maua pembezoni mwa daftari.

*

Mkutano ulifanyika katika darasa la nane, saa kumi na moja, madirisha wazi. Ungesema ni mkutano wa mabibi. Wazazi walikuwa Italia, Uhispania, Ujerumani kwenye ujenzi. Mabibi walikaa kwenye madawati ya wajukuu zao, vitambaa vya maua vichwani, magoti yamegonga mbao. Babu mmoja alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Ilinca alikuja kumshika mkono Paraschiva asianguke kwenye ngazi, akabaki, amekaa kwenye ukingo wa dirisha na wenzake wawili watatu.

"Nabusu mkono, mwalimu," alimsalimu Smaranda, kama watoto wa kule wanavyowasalimu wakubwa. Kisha, kwa sauti ya chini, "Mama kasema nikuangalie." Hakueleza zaidi, na inaonekana hakuelezwa.

Zaharia alisimama. Aliongea vizuri, bila kelele. Alisoma matokeo: katika darasa la watoto kumi na wawili, wawili tu walikuwa wamefikia alama ya kufaulu. Mabibi wakasikitika kwa pamoja.

"Simu," Zaharia alisema. "Simu, simu, simu. Mtoto analala saa nane za usiku, asubuhi anakuja shule kama gogo. Sisi tunafanya tuwezavyo. Lakini mwalimu hawezi kumimina maji kwenye chupa iliyofungwa."

"Kweli kabisa," mabibi wakaitikia. Otilia alikuwa akitazama kucha zake.

"Wetu ni mzito tangu tumboni, mwalimu mkuu," Paraschiva alisema, na kwa kuwa alitaka kusaidia alisema kwa uchangamfu. "Msijilaumu. Mtamfanya nini? Atakwenda kwa mama yake."

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Ilinca akacheka nao. Alicheka akitikisa miguu pale dirishani, kwa wepesi, kama mtu anayesikia habari ya zamani iliyokwisha kumuuma.

Smaranda akasimama.

Zaharia alimwona. "Mwalimu Smaranda ataongea mwisho," alisema upesi, "kuhusu ratiba ya mtihani."

"Naomba niongee sasa, mkuu." Sauti yake ilitoka nyembamba. Akashika ukingo wa dawati. "Jina langu ni Smaranda Bejan. Nafundisha hesabu za darasa la nane. Kipindi changu kinatakiwa kiishe saa nane. Miaka minne nimekuwa nikiondoka na treni ya saa saba na dakika kumi, na watoto hawa nikawaacha wacheze mpira ili nyinyi msijue. Nimewafundisha nusu ya kitabu, nikawapa alama za kitabu kizima. Walipofeli mwezi wa tatu, hawakufeli kwa sababu ya simu. Waliulizwa mambo ambayo sikuwafundisha."

Nje mtu alikuwa akimwita mbwa.

"Nikisema kuna mtoto mzito humu ndani," aliendelea, "nitakuwa mwongo. Sijui. Sikuwahi kuwapa nafasi ya kuonyesha. Imebaki miezi miwili kasoro. Tukianza sasa, wengine watafika. Atakayetaka kwenda kulalamika mjini, aende, alitaje jina langu. Nitakubali."

"Smaranda," Zaharia alisema polepole, kama mtu anayemwonea huruma. "Kaa, tafadhali. Kaa, mwanangu, kabla hujaenda mbali."

Tiberiu alikuwa ameshika paji la uso. Otilia aliinua macho kutoka kwenye kucha, akamtazama, na katika macho yale Smaranda aliona urafiki ukifungwa kama duka linavyofungwa jioni. Alijua pia, bila mtu kumwambia, kwamba mwezi wa sita hakutakuwa na saini, na kwamba Septemba atakuwa akipanda mlima kwa miguu kwenda kufundisha mahali ambapo honi ya treni haisikiki.

Pale dirishani miguu ya Ilinca ilikuwa imetulia. Alikuwa akimkazia mwalimu wake macho, amekunja uso, kama anavyokunja mtu anayepiga hesabu kichwani na hataki kusumbuliwa.

Paraschiva akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Mwanangu," alisema kutoka dawati la nyuma, na uchangamfu wote ulikuwa umemtoka, "mwanzo sikuusikia vizuri. Ulipoanza. Hebu rudia."

Smaranda hakuwa ameketi bado. Akalisogeza dawati pembeni, akatoka mbele ambako wote wangemwona, akarudia yote tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi, akianza na jina lake.